Vinyonga kwa Matumizi ya Nyumbani Tu

Jumapili, 1 Juni 2025

Mama mkwe amenipa wiki moja. Moja! Alinisubiri nje ya kanisa, akasimama hatua kumi kutoka nilipo kama heshima inavyotaka, akamtuma mke wangu Bernadeta kunifikishia ujumbe. Kwamba kahawa imeanza kuiva. Kwamba ghala lake la kando ya barabara, aliloniazima mwaka juzi niligeuze kibanda cha video, sasa analihitaji. Kwamba tangu Pasaka hajaona kiumbe kikiingia humo isipokuwa kuku. Nikamtuma Bernadeta arudi na jibu: kuku walikuwa watatu, na wawili walikaa mpaka mwisho wa filamu. Bernadeta hakulifikisha.

Masharti yenyewe ni haya. Jumamosi ni Iddi, Jumapili ni Pentekoste, watoto wote watakuwa barabarani na nguo mpya. Nikilijaza ghala, ni langu msimu mzima, na kahawa itahifadhiwa kwa jirani. Nisipolijaza, kahawa inaingia, mimi natoka, na nakwenda kuichuma pamoja na akina mama. Mimi! Audax! Mtu wa kwanza hapa Ijumbi kutafsiri filamu kwa kipaza sauti, papo kwa papo, bila karatasi!

Sina wasiwasi. Tatizo langu ni moja tu, nalo linaitwa Muhidini. Mzaliwa wa Bukoba mjini, alikuja kufungua kibanda ng'ambo ya barabara na skrini kubwa, dishi, na viti vyenye migongo. Akanichukulia wapenda mpira wote. Lakini ligi za Ulaya zimefunga. Muhidini sasa ataonesha nini? Nyasi?

Dawa imetoka kwa binti yangu Alistidia, miaka minane. Kuna katuni ya nyimbo, Vinyonga Saba. Sehemu ya kwanza aliiona kwa shangazi yake Kashozi, na mpaka leo anaimba hata akichota maji. Sasa sehemu ya pili imetoka kwenye DVD. Aliniomba niinunue tuitazame sebuleni, yeye, mama yake na mimi. Nikamwambia hilo litafuata. Kwanza umma.

Jumatatu, 2 Juni

Bukoba mjini na kurudi. Kazi imefanyika kwa usiri mkubwa.

Ugumu ulikuwa huu: duka lenye DVD halisi ni la Rahima, na Rahima ni dada yake Muhidini. Kwa hiyo nilivaa miwani ya jua, kofia ya pama ya marehemu baba, na koti la mvua. Jua lilikuwa kali. Nikaingia, nikaomba Vinyonga kwa sauti nzito ya mtu wa Mwanza. Rahima akanikaribisha vizuri sana, akanipa kiti, akaniuliza Bernadeta hajambo na kama yule binti bado anaimba. Nikamjibu kwamba amenifananisha. Akasema haidhuru, na nimsalimie kaka yake nikifika Ijumbi. Nikasema nitamsalimia. Hapo nadhani niliteleza kidogo.

Lakini boksi! Linang'aa! Vinyonga saba juu ya tawi, mmoja mwekundu, mmoja wa zambarau, mmoja njano kabisa, wote midomo wazi. Safari nzima niliwapakata.

Jumanne, 3 Juni

Muhidini amevuka barabara. Shikamoo nyingi, ingawa tuko rika moja. Akaomba kuona boksi tu, kwa mikono miwili. Akaligeuza nyuma. Kule nyuma kuna maandishi madogo ya Kiingereza ambayo mtu mwenye shughuli hasomi. Yeye akayasoma, tena akanitafsiria, mimi mtafsiri! Kwamba filamu hii ni kwa matumizi ya nyumbani tu, na ni marufuku kuionesha kwenye kumbi na vibanda. Akasema anasikitika. Akasema yeye kama raia mwema ingebidi amwarifu mtendaji wa kijiji, asingependa, lakini ingebidi. Akanirudishia boksi, akalipangusa hata vumbi.

Nilikaa chini. Kwa robo saa nzima nilikuwa mtu aliyekwisha. Nilijiona nina kikapu shingoni, nachuma kahawa, mama mkwe akinihesabia mashina.

Halafu wazo! Nyumbani tu. Sawa. Nyumbani ni wapi? Nyumbani ni pale mtu anapolala, anapopika, anapopokea wageni. Ghala likiwa na kitanda, mafiga na wageni, nani atasema si nyumbani? Raia mwema naye atakaribishwa chai.

Jumatano, 4 Juni

Siku kubwa. Nimehamia.

Kitanda kilipita mlangoni kwa kusukumwa. Ni kile chetu cha ndoa, cha mninga, maana vitanda vya kuazima havina uzito wa kisheria. Bernadeta aliuliza yeye atalala wapi. Nikamwambia pale pale palipokuwa na kitanda. Akauliza kama namwacha. Nikamwambia namwacha kwa siku tano tu, kwa ajili ya sanaa, na chakula aendelee kuleta. Akaenda jikoni, na nikasikia kicheko, au kilio. Kwa mbali huwezi kujua.

Picha ya harusi ukutani. Mafiga matatu pembeni. Majani mabichi sakafuni kama nyumba za wazee. Kuku mmoja kafungwa mguuni mwa kitanda. Mkabala na kitanda, televisheni yangu ya chogo na deki ya DVD juu ya kreti. Nilipomaliza, nilisimama katikati nikajisikia niko kwangu hasa.

Saa kumi mama mkwe akaja kupima ghala litachukua magunia mangapi. Alikuwa na kamba mkononi. Alifika kizingitini, akaona kitanda, akaona shuka, akafunika uso kwa kitenge na kurudi nyuma haraka mpaka akagusa mgomba.

Ndipo nikaelewa ukubwa wa nilichofanya. Mama mkwe haingii chumba anacholala mkwe wake! Haingii leo, haingii kesho! Ghala lina chumba kimoja, na chumba kimoja chenye kitanda ni chumba cha kulala. Nimemfunga Muhidini kwa sheria na mama mkwe kwa desturi, kwa kitanda kimoja. Nilishindwa kula kwa furaha.

Nimetangaza barabarani kwa kipaza sauti: hakuna kiingilio. Nyumbani hakuna kiingilio. Kuna wageni, na mgeni mwenye adabu haji mikono mitupu.

Alhamisi, 5 Juni

Mazoezi ya kutafsiri yameharibiwa na watu wema. Habari zimeenea mpaka Kaagya, ng'ambo ya mji, kwamba Audax ametoka kwa mkewe na kitanda. Jumuiya yetu ya kanisani ikaja kunipatanisha, watu tisa na mzee Buberwa mwenyekiti. Wakasali. Wakaimba. Nikawaeleza kuhusu vinyonga. Wakasali tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Bernadeta alikuwa kasimama nyuma yao amejifunika mdomo kwa khanga, mabega yakimtikisika.

Waliondoka saa nane na mkungu wangu wa ndizi, maana mgeni aliyekuja kukuombea huwezi kumwacha aende hivi hivi.

Kuhusu filamu. Ina nyimbo kumi na nne. Nyingi mno. Sehemu ya kwanza sijaiona, lakini mtafsiri mzoefu anaona sura tu anajua tabia. Kuna bibi kinyonga, mkubwa, macho yanazunguka kila upande, amekalia sanduku na hataki mtu alifungue. Huyo ndiye adui. Nimempa sauti ya mama mkwe, na nimemwandikia maneno ya kudai ghala. Alistidia aliposikia mazoezi akasema bibi si mbaya. Nikamwambia asubiri aone.

Akauliza tena lini tutaitazama sisi watatu. Nikamwambia atakaa mbele kabisa, kwenye kona ya kitanda.

Ijumaa, 6 Juni

Onesho la majaribio. Watoto kumi na wawili! Kila mmoja na zawadi. Mayai, maparachichi, bakuli la karanga, bata mzima, viatu vya mvua vya baba yake mtu, na redio. Nilipokea kila kitu bila kuuliza, kama mwenyeji anavyotakiwa.

Na kama mwenyeji anavyotakiwa, niliwapa wageni akamwani. Nyumba ya Mhaya isiyompa mgeni kahawa ya kutafuna ni nyumba gani? Mtendaji angekuja angeona mara moja kwamba hapa ni nyumbani. Nilipitisha kikapu mara tatu. Walitafuna vizuri sana, hasa wadogo.

Matatizo madogo mawili. La kwanza, televisheni yangu siku hizi inatoa rangi ya kijani tu. Kwa kawaida si neno. Lakini hawa vinyonga kazi yao yote ni kubadilika rangi. Kila wimbo wanageuka, na kila walipogeuka walikuwa kijani. Nikaeleza kwa kipaza sauti: sasa ni mwekundu, sasa ni njano, aminini. Mtoto mmoja akasema hata kwao kuna vinyonga wa kijani, bure.

La pili, nyimbo. Mimi natafsiri, wao wanaimba juu ya sauti yangu. Nikaongeza sauti. Wakaongeza. Kwenye wimbo wa tano Alistidia akasimama kitandani, akasema taratibu, Baba, wanaimba, nyamaza kidogo.

Sikunyamaza. Lakini iliniuma, naandika ukweli. Mtoto wangu mwenyewe. Miaka mingi natafsiri filamu, na kila aliyewahi kuelewa filamu ya ngumi hapa Ijumbi aliielewa kupitia mdomo wangu.

Hata hivyo kumi na wawili! Kesho ni mia.

Jumamosi, 7 Juni. Iddi

Mambo ni mengi leo. Nitakwenda kwa mpangilio.

Asubuhi, akina mama kumi na wawili mlangoni. Watoto wao hawakulala. Waliimba mpaka majogoo, wakirukaruka vitandani, na mmoja alikutwa juu ya paa la jiko anajaribu kugeuka zambarau. Mama mmoja alinusa mdomo wa mwanawe akajua ni akamwani. Wakataka watoto wao walale, jambo ambalo haliko mikononi mwangu, na wakataka vitu vyao. Redio ikaondoka. Viatu vikaondoka. Bata alikataa kuondoka, akabebwa. Na kwa kuwa walikuja na vikapu, ilinibidi niweke kitu katika kila kikapu, maana nilisema mwenyewe hapa ni nyumbani. Nimebaki na kuku mmoja na kitanda.

Bado sikukata tamaa. Onesho lilikuwa saa tisa. Saa nane na nusu nilichungulia: barabara imejaa! Watoto wa Kiislamu na kanzu na magauni ya Iddi, watoto wetu waliovaa nguo za Pentekoste siku moja kabla, hata watoto wa Muhidini wawili wakijificha nyuma ya mgomba. Mia na zaidi! Ghala limejaa kabla halijajaa! Nikawasha kipaza sauti, nikapuliza.

Ndipo akaja mama mkwe. Akina mama sita nyuma yake, kila mmoja na kikapu cha kahawa kichwani. Hakuingia. Hakugusa hata kizingiti. Alinisalimia akitazama pembeni, heshima tupu. Kisha wakatandika majamvi, moja, mbili, tatu, kuanzia mlangoni pangu mpaka barabarani, na kuzunguka kona zote mbili mpaka kwenye ukuta wa jirani. Wakamwaga kahawa. Wakaitandaza kwa viganja, punje moja moja, bila haraka. Kahawa nyekundu, mbichi, mpaka kwenye kidole changu cha mguu.

Kisha akaketi kwenye kigoda chake.

Nani anakanyaga kahawa ya mtu iliyoanikwa? Hata mlevi hakanyagi! Watoto mia walisimama ng'ambo ya majamvi kama watu waliofika mtoni wakakuta hakuna mtumbwi. Nikawaambia waruke. Waliitazama ile kahawa, wakamtazama mwenye kahawa, wakaniangalia mimi. Nikafikiria kutoka mwenyewe. Mkwe akanyage kahawa ya mama mkwe, mbele ya mashahidi sita? Ningehama Ijumbi, ningehama wilaya yote ya Muleba. Nilirudi ndani nikaketi kitandani na kuku.

Kuna kidirisha nyuma, upande wa kibanja chetu cha migomba. Kina nondo, na hata bila nondo mwili wangu una heshima yake. Hapo akatokea Bernadeta. Hakunicheka. Alisema watoto wamesimama juani na nguo zao, wengine wametembea tangu asubuhi, na televisheni bapa aliyopewa na kaka yake iko sebuleni. Akasema nimpe DVD. Nikakataa. Nikasema ghala likibaki tupu leo, limekwenda. Akasema ghala limekwenda tangu jamvi la kwanza.

Nilimwona Alistidia nyuma yake. Gauni la njano, mikono kifuani, haombi chochote. Uso wake ulikuwa unajikaza usilie.

Nikaichomoa deki. Ilipita kwenye nondo kwa kubanana. Kisha DVD. Boksi nilitaka kubaki nalo, nikampa na boksi.

Baada ya hapo nilisikia tu. Nyumba yetu iko hatua mia juu kibanjani, na madirisha yalikuwa wazi. Walisukumana mpaka uani. Wimbo wa kwanza, sauti mia. Wimbo wa pili, wa tatu. Hakuna aliyetafsiri. Hakuna aliyeuliza mtafsiri yuko wapi. Nililia. Nilijiambia ni vumbi la majani ya sakafuni, lakini hayana vumbi, niliyakata Jumatano.

Kabla jua halijatua, Alistidia akaja kwenye kidirisha. Amekaukiwa sauti. Akapanda juu ya ndoo na kuanza kunihadithia filamu yote, na kila wimbo akiimba mstari kisha akinipa maana yake, kwa Kiswahili, na palipomshinda kwa Kihaya. Anajua kusubiri mpaka mstari uishe! Sijui amejifunza kwa nani. Nilimwambia anatafsiri vizuri. Akasema anajua.

Na yule bibi. Kumbe ndani ya sanduku mlikuwa na rangi za wajukuu wote, amezikalia zisipotee, mpaka wakue wajue kuzitumia. Alistidia alilisema hilo kwa sauti, na kwenye kona ya ukuta nikaona kigoda kimesogezwa karibu, na ncha ya kitenge. Mama mkwe alikuwa anasikiliza. Baadaye kidogo ikapita sahani ya ndizi na maharage kwenye nondo, kupitia kwa mtoto.

Nimeitafakari ile sahani. Mshindi hampelekei chakula aliyeshindwa. Mama mkwe ameanza kuniogopa.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Kahawa imeingia ghalani. Kitanda kimerudi. Muhidini alikuja kusaidia kukibeba, upande wa kichwani, akasema Rahima anasalimia na anauliza kama yule bwana wa Mwanza alifika salama. Nikasema alifika.

Kesho alfajiri nachuma. Kikapu kimeshaletwa, kipya, na mama mkwe amekitia kitambaa ndani kisinikwaruze. Bernadeta anasema hiyo ni ishara ya upendo. Mimi naona ni ishara ya wasiwasi.

Mchana, baada ya ibada, Alistidia alipata alichokitaka. Sebuleni, sisi watatu, hakuna mgeni. Alikaa katikati. Nilitazama. Na lazima niandike: rangi zile! Wimbo wa kwanza vinyonga wako kijivu, mmoja anafungua mdomo na wekundu unamtoka kooni mpaka mkiani, unamrukia wa pili, na wa tatu. Alistidia alinishika kidole. Kwa dakika kumi na mbili sikusema neno lolote, na nilikuwa na furaha kuliko siku zote za kibanda.

Dakika ya kumi na tatu nikaangalia pembeni. Sebule hii, ukitoa makochi na kabati la vyombo, inachukua watoto arobaini. Uani sitini. Televisheni ina rangi zote. Na ni nyumbani! Nyumbani halisi, kitanda kiko chumba cha pili, hakuna raia mwema atakayefungua mdomo! Nimekuwa nikihamisha nyumba kuipeleka ghalani wakati ningehamisha kibanda kukileta nyumbani! Na mama mkwe huku haji kabisa, ni kwa mkwe wake. Hata akija na kahawa, uani kwetu kuna milango miwili.

Nikaomba ruhusa kwenda haja. Nikapitia barabarani. Nimetangaza: leo saa kumi, watoto wote, zawadi ndogo ndogo, bata hapana. Akamwani kikapu kimoja tu, kwa wakubwa kuanzia miaka saba. Bernadeta sijamwambia bado. Atafurahi wakifika.

Sasa naandika haya jikoni. Alistidia ananiita, anasema wimbo wa tatu unaanza, wamesimamisha filamu wananisubiri mimi. Nimemwambia naja. Natafuta tu mahali pa kuchomeka kipaza sauti.